Kubadilisha Bushi na Pini ya Pedali ya Klachi Kwenye Toyota Corolla ya Zamani: Mwongozo Kamili

Gari la gia za mkono linapoanza kukwaruza wakati wa kuingiza rivasi, au pedali ya klachi inapozama zaidi ya ilivyozoeleka kabla gia haijakubali, hukumu inayotolewa gerejini mara nyingi ni moja tu: gia boksi ishushwe, klachi pleti, pamoja na presha pleti inayoibana, zibadilishwe. Hukumu hiyo huenda ikawa sahihi. Lakini kwenye gari lililotembea miaka 20 au zaidi, kabla ya kukubali gharama hiyo, inafaa ulale chali chini ya usukani ukiwa na tochi na kutazama mahali pedali inapokutana na fimbo inayosukuma masta ya klachi, yaani pampu ndogo ya mafuta ya klachi. Hapo pana pini yenye unene wa penseli hivi na bushi, yale mapete ya plastiki yanayozuia chuma kusagana na chuma, ambazo hakuna anayezikumbuka mpaka zinapokwisha. Corolla yangu ilinusurika kushushwa gia boksi kwa sababu hiyo, na kilichohitajika kilikuwa pini, bushi na asubuhi moja ya Jumamosi.

Mwongozo huu unahusu Toyota Corolla za AE100 na AE110, zile zilizotengenezwa katika miaka ya 1990 na ambazo bado zinaonekana kwa wingi katika barabara za Afrika Mashariki. Klachi yake inaendeshwa kwa mafuta: mguu unasukuma pedali, pedali inasukuma fimbo, fimbo inasukuma pistoni ndani ya masta, na mafuta yanasukuma sleva, yaani pistoni ya pili inayoachisha klachi, iliyoko pembeni ya gia boksi. Magari mengine ya zamani yenye masta ya klachi yanafuata mpangilio uleule, ingawa namba za spana na nafasi ya kupitisha mkono vinatofautiana. Gari linalotumia kebo ya klachi halihusiki na sehemu ya kurekebisha fimbo, lakini bushi za pedali yake huisha kwa njia hiyohiyo.

Kwa nini uchakavu mdogo unaleta usumbufu mkubwa

Pedali ni wenzo. Umbali kutoka mhimili wake wa juu hadi pale mguu unapokanyaga ni mrefu mara kadhaa kuliko umbali kutoka mhimili hadi kwenye pini ya fimbo. Tuseme uwiano huo ni tano kwa moja: pini iliyolika milimita 1, ikiwa ndani ya tundu lililopanuka milimita nyingine 1, inameza milimita 10 za mwendo wa mguu kabla fimbo haijaanza kusogea. Milimita hizo 10 zinapotea kila unapokanyaga. Mwisho wake klachi haiachii kabisa, shafti ya gia inaendelea kuzunguka pamoja na injini, na rivasi, ambayo kwa kawaida haina sinkronaiza ya kulainisha uingiaji wake, ndiyo inayolalamika kwanza.

Bushi za mhimili zikiisha, dalili ni nyingine. Pedali inayumba kushoto na kulia, inalia kama mlango usiotiwa mafuta, na wakati mwingine inarudi juu kwa kusitasita.

Kuthibitisha kabla ya kufungua chochote

Anza na chombo cha mafuta ya klachi (ni mafuta ya breki yaleyale) upande wa injini. Mafuta yakiwa yamepungua, yameenda mahali fulani, na mahali hapo pawili panapochunguzwa kwanza ni raba ya vumbi ya sleva na sehemu ya nyuma ya masta, inayochungulia ndani ya gari juu ya pedali. Ukipapasa hapo kwa kidole na kukuta unyevu wenye utelezi, sili za masta zimekwisha, na kubadilisha bushi peke yake hakutakusaidia. Vivyo hivyo, pedali inayozama polepole huku umeikanyaga bila kuiachia, au inayopanda juu baada ya kupigwa mara kadhaa mfululizo, inaelekeza kwenye masta iliyochoka au upepo ndani ya mfumo wa mafuta.

Kama mafuta yametimia na pakavu, mwombe mtu akae pembeni na kuibonyeza pedali kwa mkono, taratibu sana, wakati wewe unamulika pini kwa tochi. Tazama mambo mawili: pedali inaanza kusogea lini, na fimbo inaanza kusogea lini. Ukiuona mkono wa pedali ukitembea huku fimbo imetulia, kisha pini ikagonga ukingo wa tundu na fimbo ndipo ikaanza safari, umeupata ugonjwa. Kiasi kidogo cha nafasi hiyo ni cha lazima, nami nitalieleza jambo hilo kwenye vipimo, lakini nafasi halali inatokea kati ya fimbo na pistoni ndani ya masta, si pini ikicheza ndani ya tundu lake. Kisha ishike pedali na kuitikisa kwa upande. Mwisho, mwambie msaidizi wako akanyage kwa nguvu huku ukitazama ule ukuta wa bati unaotenganisha injini na abiria: ukiuona unapinda pamoja na masta, bati limepasuka au nati zimelegea, na hiyo ni kazi ya fundi wa kuchomelea.

Spea na vifaa

Nunua pini mpya pamoja na klipu yake, bushi za mhimili kwa jozi, na bushi ya pini kama gari lako linayo. Usimtajie muuzaji jina la gari peke yake. Mpelekee bushi ya zamani, au angalau namba ya chesisi, kwa sababu pedali za breki na klachi zina bushi zinazofanana kwa sura na kutofautiana kwa vipimo. Katika maduka ya Kirinyaga Road mjini Nairobi, Gerezani jijini Dar es Salaam au Kisekka mjini Kampala, utaulizwa pia kama unataka pedali nzima iliyotumika. Wazo hilo si baya ikiwa mkono wa pedali wenyewe umeliwa, mradi ukague bushi za hiyo utakayopewa kabla hujalipa, kwa maana imetoka kwenye gari la umri uleule.

Bushi ya plastiki isipopatikana, fundi wa mashine ya leti anaweza kukuchongea ya shaba kwa kufuata sampuli. Mwelekeze mambo mawili. Tundu la ndani liruhusu slivu, yaani kile kibomba kifupi cha chuma kinachopita katikati, kuingia kwa kusukumwa na kidole gumba bila kulegea. Na bushi zote mbili zikishakaa mahali pake, slivu ibaki ndefu kidogo kuliko pedali pamoja na bushi zake, hata kama ni kwa unene wa karatasi chache. Sababu yake utaiona wakati wa kufunga.

Vifaa vingine ni vya kawaida: spana namba 10, 12 na 14, mbilimbili kwa namba 12 na 14 kama unazo, soketi na mpini wake, plaizi ya mdomo mrefu, bisibisi bapa, nyundo ndogo na kipande cha chuma cha kugongea pini, rula, msasa laini, grisi ya lithiamu, tochi ya kuvaa kichwani na miwani ya kukinga macho. Usiidharau miwani. Kutu na vumbi la miaka 20 vinaanguka moja kwa moja usoni mwa mtu aliyelala chali.

Kuandaa gari

Liegeshe mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe au vigingi kwenye matairi na uache gia kwenye fri. Chomoa waya hasi wa betri. Kama usukani una mfuko wa hewa wa usalama, subiri angalau sekunde 90 baada ya kuchomoa waya huo kabla ya kugusa chochote chini ya usukani, na viunganishi vya rangi ya njano usivifungue kabisa. Sukuma kiti cha dereva nyuma hadi mwisho. Mtu mwenye mwili mkubwa atafanya vyema kukitoa kiti kabisa, kwani boliti zake ni nne tu, na robo saa itakayotumika hapo inafidiwa na shingo isiyouma jioni. Kiti chenye waya za mfuko wa hewa kiache mahali pake.

Toa zulia la miguu. Katika gari letu lenye usukani wa kulia, pedali ya klachi iko karibu na katikati ya gari, upande wa hita, na shafti ya usukani inashuka jirani yake. Hivyo mkono wa kushoto ndio utakaofanya kazi kubwa kuliko ulivyouzoesha.

Kabla ya kulegeza nati yoyote, pima. Funua kapeti, chukua rula, na upime kimo kutoka bati la sakafu hadi uso wa pedali. Kisha bonyeza pedali kwa kidole mpaka uhisi upinzani, na uandike milimita ulizotembea. Hesabu hesi za fimbo zinazoonekana nje ya nati yake ya kufungia, au zipige alama ya rangi. Piga picha za simu pembe zote, hasa jinsi springi inavyokaa na upande ambao kichwa cha pini kinaelekea. Picha ya springi ndiyo utakayoitafuta saa mbili baadaye.

Kutoa pedali

Ondoa kifuniko cha chini cha dashibodi kama kipo. Kinashikwa na skrubu na boliti chache za namba 10. Sasa hakikisha kwamba pini unayoishika ni ya klachi. Pini ya breki iko sentimita chache pembeni, inafanana nayo, na haihusiki kwa namna yoyote na kazi ya leo.

Toa klipu au splitipini (kipini cha miguu miwili inayokunjwa) ya pini kwa plaizi ya mdomo mrefu, kisha sukuma pini itoke. Ikiwa pini imechimbika katikati kama kiuno cha nyigu, itakataa kutoka moja kwa moja, kwa kuwa sehemu nene inakwama ukingoni mwa tundu. Msaidizi aipandishe na kuishusha pedali kidogokidogo huku wewe ukiigonga kwa chuma chembamba. Usiigonge fimbo yenyewe kwa nguvu, kwa sababu nguvu hiyo inaishia kwenye pistoni ya masta.

Springi ya kurudisha pedali inafuata. Kwenye baadhi ya magari ni ya kuvuta, yenye ndoano mbili, na inatoka kwa plaizi. Kwingine imezungushwa kwenye mhimili au inasukuma kwa kubanwa, na hiyo inaweza kuruka. Ifunike kwa kitambaa kizito, geuza uso pembeni, kisha iachie taratibu.

Baki na boliti ya mhimili. Nati yake kwa kawaida ni namba 14. Shika kichwa cha boliti kwa spana ya pili, legeza, kisha vuta boliti huku ukiishika pedali isikuangukie kifuani. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama: boliti inatoka nusu safari na kugonga nyumba ya hita au breketi ya breki. Usiikate. Legeza boliti na nati zinazoshikilia breketi ya klachi, ambazo baadhi yake ndizo nati za masta, ili breketi ishuke sentimita mbili au tatu na kuipa boliti njia. Masta ishikiliwe au ifungwe kwa kamba upande wa injini isining'inie kwenye paipu yake. Paipu ya mafuta haifunguliwi katika kazi hii, na ukiifungua utakuwa umejiongezea kazi ya kutoa upepo ambayo hukuwa nayo. Mafuta ya breki yakidondoka kwenye rangi ya gari, mwagia maji mengi papo hapo, kwa sababu yanababua rangi.

Kukagua kilichotoka

Futa kila kitu kwa kitambaa na ukitazame kwenye mwanga wa jua. Bushi zilizokwisha hujitambulisha zenyewe: nyingine zinatoka vipandevipande. Slivu ikiwa na mfereji unaoshikika kwa ukucha, haifai. Tundu la uma, kile kichwa cha fimbo chenye masikio mawili, ndilo linalosahaulika zaidi. Ingiza pini mpya ndani yake na uitikise; kama inacheza, uma nao umeliwa na unapaswa kubadilishwa, au pini mpya itachimbika kabla ya wakati wake. Uma unafunguka kwenye fimbo kwa kulegeza nati ya kufungia na kuuzungusha, huku ukihesabu mizunguko.

Tundu la mkono wa pedali likiwa limegeuka umbo la yai, fundi anaweza kulijaza kwa kuchomelea na kulitoboa upya kwa kipimo cha pini, na kazi hiyo ifanyike pedali ikiwa nje ya gari, si chini ya dashibodi iliyojaa waya. Tafuta pia ufa mahali mkono wa pedali unapoungana na bomba la mhimili. Ufa huo unaanza kama mstari mwembamba wa kutu.

Neno moja kuhusu msumari wa inchi nne, ambao umeokoa safari nyingi. Kama pini imekatika porini, msumari au boliti vinaweza kukufikisha nyumbani, na boliti ni bora ikiwa sehemu inayopita ndani ya matundu ni ile laini isiyo na hesi. Hesi zinafanya kazi kama tupa. Zinakula uma na pedali kila unapokanyaga, na kwa gari la jijini, linalokanyagwa klachi mamia ya mara katika foleni moja, muda wa kudumu kwa matundu hayo ni mfupi. Tatizo ni kwamba kilichowekwa kwa dharura husahaulika kwa sababu kinafanya kazi.

Kufunga upya

Safisha bomba la mhimili kwa msasa laini, ingiza bushi mpya kwa mkono kutoka pande zote mbili, paka grisi kidogo ndani yake na juu ya slivu, kisha ipitishe slivu. Oili ya injini haifai hapa, kwani inachuruzika hadi kwenye zulia na kukusanya vumbi linalogeuka kuwa msasa. Grisi hiyo pia usiiruhusu igusane na raba ya masta: sili za mfumo wa mafuta ya breki zinavimba na kulegea zinapokutana na mafuta ya petroli au grisi yake.

Rudisha pedali, pitisha boliti, kaza nati. Sasa ijaribu kwa kidole kabla ya kuweka springi. Inapaswa kushuka na kupanda kwa wepesi, bila kuyumba. Ikiwa ilikuwa nyepesi kabla ya kukaza na imekuwa ngumu baada ya kukaza, usijidanganye kwamba itazoea: nati inabana bushi badala ya kubana slivu, maana yake bushi ni ndefu kupita kiasi. Itoe, punguza uso wa bushi kwa msasa uliolazwa juu ya kioo au bati nyoofu, kisha ujaribu tena. Slivu ndiyo inayopaswa kubanwa na kusimama. Bushi inazunguka juu yake.

Weka springi kwa kufuata picha. Kama ulilegeza breketi na nati za masta, zikaze kwanza. Paka pini grisi, ipitishe, na utumie klipu mpya. Kama ni splitipini, panua miguu yake yote miwili. Iliyonyooshwa mara ya pili huvunjika.

Vipimo

Hatua hii ndiyo inayoamua kama klachi itadumu. Kimo cha pedali kinarekebishwa kwenye boliti ya kizuizi iliyoko juu, yenye nati ya kufungia. Kirudishe kwenye kipimo ulichoandika mwanzoni, isipokuwa kama una kitabu cha gari chenye kipimo chake. Raba ndogo inayogusana na kizuizi hicho nayo ikaguliwe, kwani ikisagika kimo kinabadilika chenyewe. (Raba ya aina hiyohiyo kwenye pedali ya breki ikivunjika, taa za breki zinawaka usiku kucha na asubuhi betri imekufa, na vipande vyake utavikuta kwenye zulia.)

Kisha fimbo. Legeza nati yake ya kufungia, namba 12, na uizungushe fimbo. Juu kabisa ya mwendo wa pedali pawe na nafasi ya milimita 1 hadi 5, ikipimwa mguu unapokanyaga, kabla fimbo haijagusa pistoni. Utaihisi kama wepesi mtupu chini ya kidole. Ukiendelea kubonyeza kwa upole utahisi upinzani mwepesi, kisha upinzani mzito wa presha pleti. Jumla ya mwendo huo mpaka upinzani mzito iwe kati ya milimita 5 na 15.

Watu wengi hufurahia kuiondoa nafasi ile ya kwanza kabisa, kwa sababu klachi inakuwa kali na gia zinaingia vizuri siku hiyo. Gharama yake inakuja baadaye. Pistoni ya masta ikizuiwa kurudi mwisho wake, haifungui tundu dogo linalorudisha mafuta kwenye chombo, mafuta yanapopata joto na kutanuka yanakosa pa kwenda, na sleva inabaki ikisukuma klachi kana kwamba umeuegemeza mguu. Rilizi beringi, ile inayosukuma presha pleti, inalemewa, klachi pleti inateleza, na gia boksi inashushwa kwa kosa la mzunguko mmoja wa fimbo. Kaza nati ya kufungia huku umeishika fimbo isizunguke, kisha upime tena, kwa kuwa kipimo huhama wakati wa kukaza.

Kujaribu

Kusanya spana zote na klipu kuukuu, uzihesabu, na uhakikishe hakuna kitu kilichobaki chini ya pedali ya breki. Ikanyage breki yenyewe ujiridhishe kuwa iko vilevile. Kisha kanyaga klachi mara 30 injini ikiwa imezimwa, ukitazama pini na klipu. Rudisha waya wa betri, washa, kanyaga klachi hadi mwisho, subiri sekunde mbili au tatu, na uingize rivasi. Isikwaruze. Ukiwa umevuta breki ya mkono, ingiza gia ya kwanza na uachie pedali polepole: gari lianze kutaka kuondoka pedali ikiwa imepanda angalau milimita 25 kutoka mwisho wa chini. Ikianza kushika karibu kabisa na sakafu ilhali vipimo vya fimbo ni sahihi, hapo ndipo pa kutafuta upepo kwenye mafuta au masta iliyochoka.

Barabarani, tafuta mlima na uupande kwa gia ya nne ukikanyaga mafuta. Injini ikipaza sauti na kasi isiongezeke, klachi inateleza. Rudi kwanza kwenye nafasi ya fimbo kabla ya kuilaumu klachi pleti. Baada ya wiki moja ya matumizi, lala tena chini ya usukani, angalia klipu, jaribu kwa spana nati ya mhimili na ile ya fimbo, na upime nafasi ya juu ya pedali kwa mara nyingine, kwa sababu bushi mpya za plastiki hujikalisha kidogo katika siku zake za kwanza.